Kamera ya Kwanza ya Kupigia Picha za Michezo: Anza na Lenzi

Somo la toleo hili limetokana na kosa langu mwenyewe, na kosa hilo liligharimu fedha za mradi.

Tulikuwa na fungu dogo la kununulia kamera kwa ajili ya kazi za vijana, hasa mashindano ya mpira wa miguu na netiboli yanayokutanisha timu za sharika zetu. Nikaenda mjini. Nikanunua kamera mpya kwenye boksi lake, na ndani ya boksi mlikuwa na lenzi mbili: fupi ya 18-55 na ndefu ya 75-300. Muuzaji alisimama mlangoni, akaelekeza ile lenzi ndefu ng'ambo ya barabara, akanipa nichungulie. Niliweza kusoma bei zilizobandikwa kwenye duka la pili. Nikaridhika kabisa, nikarudi ofisini nikijiona mtaalamu.

Fainali ya netiboli ya wasichana ilipangwa kuanza saa 9:30 alasiri. Mgeni rasmi alichelewa, kama mnavyowajua wageni rasmi, kisha zikafuata hotuba, na mpira ukarushwa saa 11:15 jioni. Mechi ya netiboli ina robo nne za dakika 15 kila moja. Robo ya nne ilichezwa jua limekwisha kushuka nyuma ya mikaratusi. Timu zilikuwa zimekabana, na ushindi ukapatikana kwa sababu mlinzi mmoja, msichana wa kidato cha pili, aliruka akakatiza pasi ya mwisho hewani. Watu waliingia uwanjani. Mimi nilikuwa karibu kabisa, kamera iko jichoni, nimebonyeza tangu anaanza kuruka hadi anatua.

Siku tatu baadaye alikuja ofisini na bibi yake. Bibi akaniambia, "Mwanangu, tumefuata ile picha ya mjukuu wangu akiruka." Nikawasha kompyuta. Nilikuwa na picha mia nne na kitu, na zile za robo ya nne zote zilikuwa ukungu mtupu. Mlinzi wetu alionekana kama nguo iliyoanikwa kwenye upepo. Bibi alisogeza uso karibu na kioo, akatazama, akauliza, "Huyu ni nani?"

Tangu siku hiyo nimejifunza mambo ambayo ningepaswa kuyajua kabla ya kutoa fedha. Nayaandika hapa kwa ajili ya yeyote anayetaka kununua kamera ya michezo, iwe ni kwa shule, kwa kikundi cha vijana au kwa kazi yake binafsi.

Tatizo halikuwa umbali

Mtu anayeanza hudhani kwamba picha za michezo ni suala la kuvuta wachezaji waliopo mbali. Kuvuta kunasaidia, lakini shida ya kwanza ni mwendo. Ndani ya kamera mna kilango kinachofunguka na kufunga ili mwanga uingie kwa muda mfupi. Mafundi picha hukiita shata. Kila kitu kinachosogea wakati kilango kiko wazi hujichora kama mstari badala ya umbo.

Tufanye hesabu kidogo. Filbert Bayi alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, alitumia dakika 3 na sekunde 32.2. Huo ni wastani wa mita 7 kwa sekunde. Kamera ikifungua kilango kwa sehemu ya 1/60 ya sekunde, mkimbiaji wa kasi hiyo anasogea kama sentimeta 12. Uso wake umeshapotea. Kwa 1/125 anasogea karibu sentimeta 6. Kwa 1/1000 anasogea milimita 7 tu, na hapo utaona hata jasho. Vijana wetu wakikimbilia mpira kwa umbali mfupi hawako mbali na mwendo huo, na mkono unaorusha mpira huenda haraka kuliko mwili wenyewe. Hivyo basi, lengo letu kwenye michezo ni 1/1000, na tusishuke chini ya 1/500 isipokuwa kwa mchezaji aliyetulia, kama yule anayejiandaa kupiga penalti.

Sasa, kilango kinachofunguka kwa muda mfupi hivyo huingiza mwanga kidogo. Saa 7 mchana hilo si tatizo, jua letu linatosha kwa lenzi yoyote. Lakini mechi zetu hazichezwi saa 7 mchana. Huchezwa jioni, joto likipungua na watu wakitoka shambani na kazini. Aidha, kwetu huku karibu na ikweta jua huzama wima, wala hakuna jioni ndefu kama ya Ulaya. Likishazama, una dakika ishirini na kitu tu kabla ya giza, na fainali nyingi huamuliwa katika dakika hizo hizo.

Soma namba za mdomoni mwa lenzi

Chukua lenzi yoyote, tazama pembezoni mwa kioo cha mbele. Utaona maandishi kama 75-300mm 1:4-5.6. Namba za kwanza, zile zenye mm, zinaeleza jinsi lenzi inavyovuta. Hizo ndizo muuzaji atakazokuonyesha. Namba iliyo baada ya 1: ndiyo inayoeleza ukubwa wa tundu la kuingizia mwanga, na hii wengi hawaiulizi. Mimi sikuiuliza.

Namba hii huenda kinyume na tunavyotarajia: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ukiona namba mbili, kama 4-5.6, maana yake tundu hupungua kadiri unavyovuta. Lenzi yangu ilikuwa na tundu la 4 pale isipovuta kitu, na pale nilipoihitaji, imevutwa hadi mwisho, ilikuwa 5.6.

Tofauti si ndogo. Tundu la 2.8 huingiza mwanga mara 4 ya tundu la 5.6. Tundu la 1.8 huingiza karibu mara 10. Kwa vitendo, jioni ile ambayo lenzi ya 5.6 inakulazimisha kupiga kwa 1/125, lenzi ya 1.8 ingekuruhusu kupiga kwa zaidi ya 1/1000, uwanja ule ule, dakika ile ile, kamera ile ile. Ndiyo tofauti kati ya nguo kwenye upepo na mjukuu wa bibi.

Hapa nitaje mtego mmoja. Lenzi nyingi zimeandikwa IS au VR, na muuzaji atakwambia kwamba zinazuia picha kutikisika. Ni kweli, lakini zinazuia mtikisiko wa mikono yako wewe. Mchezaji anayekimbia hazimgusi. Ukipiga kwa 1/60 jengo la kanisa litatoka safi kabisa, na kwaya inayoingia kwa kucheza itatoka ukungu.

Uwanja gani, lenzi gani

Uwanja wa netiboli una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25. Ule wa mpira wa wavu ni mita 18 kwa 9. Hivi ni viwanja vidogo, na unaruhusiwa kusimama karibu. Kwa viwanja hivi sikushauri lenzi ya kuvuta hata kidogo. Nunua lenzi isiyovuta ya 85mm yenye tundu la 1.8. Canon na Nikon zote zinazo. Kwenye kamera za wanaoanza, lenzi hiyo ikimwelekea mchezaji aliye mita 10 inachukua upana wa mita 2 na nusu hivi. Ukiishika kamera wima, msichana anayeruka kudaka mpira anaenea kuanzia vidole vya mkono hadi miguu, kwa shida kidogo. Rudi nyuma hatua mbili, unakuwa salama.

Kama fedha haitoshi, ipo 50mm yenye tundu la 1.8. Hii ni kati ya lenzi za bei ya chini kabisa zinazouzwa, na kwa maoni yangu hakuna kitu kingine dukani kinachorudisha thamani ya fedha kama hicho. Inakutaka usogee tu. Kaa nyuma ya mstari wa goli la netiboli, mita tatu au nne, uwaache wachezaji waje kwako.

Mpira wa miguu ndio unaosumbua. Uwanja kamili ni kama mita 105 kwa 68, na mchezo ukiwa upande wa pili huna la kufanya. Ukiwa na lenzi ya 55mm, mchezaji aliye mita 40 anakuwa mdogo kama chungu, kwa sababu picha inachukua eneo la upana wa mita 16. Ukiwa na 250mm, umbali ule ule unakupa upana wa mita 3 na nusu, yaani mchezaji, mpinzani wake na mpira. Kwa hiyo hapa lenzi ya kuvuta ya 55-250 (kwa Canon) au 70-300 (kwa Nikon) ina kazi yake, mradi ujue kwamba ni lenzi ya kufanyia kazi hadi kama saa 11. Baada ya hapo iweke kwenye mkoba, vaa 85, nenda ukakae nyuma ya mstari wa goli karibu na eneo la penalti. Eneo hilo lina kina cha mita 16.5, na magoli mengi hufungwa humo. Utakosa yanayotokea katikati ya uwanja. Sawa, yakose.

Wapiga picha wa magazeti hutumia 70-200 yenye tundu la 2.8 kuanzia mwanzo hadi mwisho wa kuvuta. Ni lenzi nzuri sana, ina uzito wa kilo moja na nusu hivi, na bei yake mpya huzidi bei ya kamera ya mwanzo mara kadhaa. Anayeanza asikope fedha kwa ajili yake.

Na simu? Vijana huniuliza kila mara. Simu za siku hizi hupiga picha nzuri sana za mtu aliyesimama, na kwa picha za sherehe na semina mimi mwenyewe hutumia simu. Lakini sensa yake (si ile ya kuhesabu watu, ni kile kibamba kinachopokea mwanga ndani ya kamera) ni ndogo mno, kwa hiyo mwanga ukipungua simu huchelewesha kilango ili ipate mwanga zaidi. Ukivuta kwa vidole, mara nyingi inakata picha tu na kuikuza. Piga goli la saa 12 jioni kwa simu, ulinganishe mwenyewe.

Kamera yenyewe

Nimeiweka nyuma makusudi, maana wengi huanza nayo na kuimalizia fedha yote. Idadi ya megapikseli isikusumbue; kamera yenye milioni 18 au 20 inatosha kwa ukurasa wa jarida na hata kwa kalenda ya ukutani. Yanayohusu michezo ni mawili: jinsi kamera inavyomfuata mchezaji anayesogea, na idadi ya picha inazopiga kwa sekunde moja.

Chukua mfano. Canon 2000D, ambayo wengi huuziwa kama kamera ya kuanzia, hupiga picha 3 kwa sekunde na ina vituo 9 vya kulenga. Nikon D3500 ya mwaka 2018 hupiga 5, ina vituo 11. Zinafaa kujifunzia, na picha nyingi nzuri zimepigwa kwa kamera za namna hiyo. Lakini Canon 70D ya mwaka 2013 hupiga 7, Nikon D7200 ya mwaka 2015 hupiga 6 na ina vituo 51, na Canon 7D Mark II ya mwaka 2014 hupiga 10 na ina vituo 65. Hizi tatu zilitengenezwa kwa watu wa juu zaidi. Kwa kuwa kampuni zimehamishia nguvu zao kwenye kamera mpya zisizo na kioo ndani, hizi za zamani zimeshuka bei kwenye soko la mitumba. Ushauri wangu ni huu: kama fungu lako linatosha kamera mpya ya chini na lenzi yake ya boksini, achana na boksi. Nunua kamera iliyotumika ya daraja la juu, na nusu ya fedha iende kwenye lenzi yenye tundu kubwa.

Kamera zisizo na kioo nazo ni nzuri. Canon R10, iliyotoka mwaka 2022, hupiga picha 15 kwa sekunde na inaweza kumfuata mchezaji kwa kutambua jicho lake, jambo ambalo kamera zangu haziwezi. Mwenye uwezo aitazame. Lakini moja ya lenzi zinazouzwa pamoja nayo ni 18-150 yenye tundu la 3.5-6.3. Umeshajua kusoma namba hizo.

Kwa wanaoelekea Nikon kuna tahadhari. Kamera zake ndogo, za D3000 na D5000 na wadogo zao hadi D3500 na D5600, hazina mota ya kuzungushia lenzi. Ukizifunga lenzi ya zamani iliyoandikwa AF au AF-D, itakubidi ulenge kwa mkono, na kwenye michezo hilo ni gumu. Tafuta iliyoandikwa AF-S. D7100 na D7200 zina mota yake.

Unaponunua iliyotumika, nenda mchana na uchukue tochi. Mulika ndani ya lenzi kutoka nyuma. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, nayo hupenda sana lenzi zilizokaa pwani kwenye unyevu, iache. Vumbi kidogo halina neno. Piga picha kumi mfululizo, zikuze kwenye kioo cha kamera, uone kama zimelenga. Uliza pia kilango kimefunguka mara ngapi. Kwa Nikon idadi hiyo imeandikwa ndani ya faili la picha, na fundi mwenye kompyuta atakusomea. D7200 imepimwa kwa mara 150,000 na 7D Mark II kwa mara 200,000; iliyokaribia hapo isiwe na bei ya iliyotumika kidogo. Dai chaja na betri ya pili, kwa kuwa betri ya kamera ya mtumba mara nyingi imechoka, na uwanjani hakuna soketi.

Siku ya mechi

Weka kamera kwenye A (kwa Canon ni Av), fungua tundu hadi namba ndogo kabisa, kisha tazama kasi ya kilango. Kama haifiki 1/1000, pandisha ISO, yaani nguvu ya kamera kuukuza mwanga hafifu: 400 mchana, 1600 jua likielekea kuzama, 3200 likishazama. Picha itaanza kuwa na chenga. Usiogope chenga, hazikumzuia mtu yeyote kumtambua mjukuu wake. Weka ulengaji wa kufuata (AF-C kwa Nikon, AI Servo kwa Canon) na upigaji wa mfululizo. Usibadilishe lenzi katikati ya vumbi la uwanja. Geuka ukipe upepo mgongo, kamera ikitazama chini.

Jambo moja lisilo la ufundi: watoto hawa wana wazazi. Sisi huomba ruhusa kwa fomu kabla ya mashindano, na chini ya picha hatuandiki jina kamili la mtoto pamoja na shule yake. Anayetaka nakala ya fomu yetu aiombe ofisini.

Ile 75-300 tuliiuza kwa hasara. Sasa tuna 70D iliyotumika, 85 ya tundu la 1.8, na 55-250 kwa ajili ya mpira wa miguu. Yule msichana amekwisha kumaliza kidato cha nne na ameolewa mkoa mwingine. Bibi yake nakutana naye sokoni, na bado hunitania kuhusu ile nguo iliyoanikwa.

Zoezi

Azima kamera yoyote inayokuruhusu kuchagua kasi ya kilango. Kwa nyingi ni herufi S, na kwa Canon ni Tv. Saa 11:30 jioni simama pembeni ya barabara au uwanja ambapo watoto wanakimbia. Piga picha tano kwa 1/125, tano kwa 1/500 na tano kwa 1/1000, lenzi ikiwa imevutwa hadi mwisho. Rudia zote saa 12:15. Andika kwenye daftari namba ya tundu na ISO kwa kila kundi, kisha leta daftari na kadi ya kamera ofisini siku yoyote ya kazi, tuzitazame pamoja kwenye kompyuta kabla hujaenda dukani.